Kuwatambua Nondo Wanaofanana

Mazungumzo yetu ya leo yahusu viumbe wadogo wajao kwenye taa zetu usiku, nao ni nondo. Tumeona vema kuyaelekeza hasa kwa watu wa Handeni na Korogwe, wakulima wa mahindi pamoja na wanafunzi wa shule, kwa maana katika wilaya hizo mbili jambo hili si mchezo wa watoto. Miongoni mwa nondo waigongao taa usiku wa mvua za kwanza wamo wawili wanaofanana sana, hata watu kumi wakiwatazama kwa haraka watasema ni aina moja. Wote wawili wana rangi ya kijivu na kahawia, wote wawili si wakubwa kuliko ukucha wa kidole gumba mara mbili, na viwavi wa wote wawili hula mahindi. Lakini desturi zao ni mbalimbali, na njia ya kumzuia mmoja siyo njia ya kumzuia mwingine. Mwenye kuwachanganya hupoteza fedha na nguvu zake, na pengine hupoteza chakula cha mwaka.

Kwanza na tumjue nondo mwenyewe. Nondo na kipepeo ni ndugu. Wote wawili mabawa yao yamefunikwa na magamba madogo mno, ambayo ukiyagusa hubaki kidoleni kama unga. Wote wawili maisha yao yana daraja nne: yai, kiwavi, pupa, na mdudu mwenye mabawa. Lakini papasi za kipepeo, yaani zile pembe nyembamba za kugusia, zina kifundo nchani kama njiti ya kiberiti. Papasi za nondo ni kama uzi, au zina vinywele kama unyoya wa ndege. Kipepeo akitua huyasimamisha mabawa yake pamoja juu ya mgongo. Nondo wengi huyalaza kama paa la nyumba. Kipepeo huruka mchana, nondo wengi huruka usiku. Twasema "wengi" wala hatusemi "wote", kwa sababu wako nondo warukao mchana. Hilo ndilo fundisho la kwanza la leo: alama moja peke yake haitoshi kumtambua mdudu.

Wala mtu asidhani ya kuwa kila nondo ni adui. Wako nondo wakubwa wenye mwili mnene na mabawa membamba, ambao wakati wa magharibi huruka kwa kasi na kusimama hewani mbele ya ua wakinyonya asali yake. Hao ndio wauchavushao mpapai, yaani huchukua chavua kutoka mpapai dume na kuipeleka kwa mpapai jike, na bila kazi hiyo mpapai jike wa kawaida hauzai vema. Mtu awauaye nondo wote aonao huwaua na watumishi wake mwenyewe. Kwa hiyo yafaa kumjua adui kwa sura yake, tumwache asiye na hatia.

Sasa na tuwataje hao wawili. Wa kwanza ni mama wa viwavijeshi wa Afrika. Huyu ni mwenyeji wa bara letu, na wazee wamemjua tangu zamani kwa kazi ya watoto wake, wale viwavi weusi waendao jeshi jeshi wakikausha malisho na mashamba. Wa pili ni mama wa kiwavijeshi vamizi. Kwao huyu ni Amerika, na Mwingereza James Edward Smith alimwandika katika kitabu mwaka 1797, zaidi ya miaka mia mbili kabla hajavuka bahari kuja kwetu. Katika Afrika alitambuliwa mara ya kwanza mwaka 2016, upande wa magharibi wa bara. Na mwaka 2017 alithibitishwa kuwa ameingia Tanzania. Tangu hapo amekaa. Wataalamu wawahesabu wote wawili kuwa wa ukoo mmoja, nao wameupa ukoo huo jina la Spodoptera: mwenyeji wetu ni Spodoptera exempta, na mgeni ni Spodoptera frugiperda. Basi si ajabu wakifanana, kwa maana ni watu wa mlango mmoja.

Tuanze na desturi za mwenyeji. Nondo wa viwavijeshi wa Afrika ni msafiri. Hutoka ardhini usiku, hupumzika mitini, kisha hupanda hewani na kuchukuliwa na upepo, hata mamia ya kilometa kutoka mahali alipozaliwa. Mvua za kwanza zikija na dhoruba zake, pepo zikutanapo huwakusanya nondo hao pamoja na kuwashusha mahali pamoja. Hapo hupata majani mabichi yaliyoota sasa hivi, hukutana dume na jike, na jike hutaga. Ndiyo maana mtu aweza kwenda shambani Jumatatu asione kitu, na baada ya juma moja au mawili akaona ardhi yote yatambaa. Viwavi hao wakijaa waweza kuzidi 1,000 katika mita moja ya mraba. Hula kwa muda wa majuma mawili au matatu, kisha hujifukia udongoni kuwa pupa, na nondo wakitoka wengi wao huondoka tena na upepo. Wakati wa kiangazi wachache hubaki mahali penye ubichi, kama vile pwani na milimani penye manyunyu, wakingojea majira.

Desturi za mgeni ni nyingine. Naye aweza kuruka mbali, lakini hana haja ya kungojea dhoruba. Mahali penye joto na mahindi mabichi huzaa mwaka mzima, kizazi baada ya kizazi, na kila kizazi huchukua kama mwezi mmoja tu. Sasa fikirini nchi ya Korogwe: bondeni kando ya mto Pangani yaweza kupandwa mahindi hata mvua zikiwa zimekatika, na juu yake yasimama milima ya Usambara yenye mvua na mashamba yake. Kwa mgeni huyo hapo pana nyumba isiyofungwa mlango. Handeni ni kukavu zaidi, na mahindi yake yategemea vuli na masika. Huko yeye huja pamoja na mimea michanga na kuzidi kila mwezi upitao.

Labda mtu atauliza, "Kiwavi ni kiwavi, jina lake lanifaa nini?" Jibu ni hili. Kama ni jeshi la mwenyeji, hatari yake ni ya kijiji kizima, wala si ya shamba moja. Yapasa kutoa habari siku ile ile, kwa sababu jeshi likimaliza malisho ya jirani litavuka njia kuja kwako, na wengine wa ukoo wake huenda wameshuka katika wilaya ya pili. Tena jeshi hilo hukaa wazi juu ya majani, na dawa ikipigwa mapema huwafikia. Kama ni mgeni, kiwavi wake mkubwa amejificha ndani ya moyo wa mhindi, amejiziba kwa mavi yake mwenyewe, na dawa ipigwayo juu ya majani mchana wa jua kali haimfikii. Yeye atakiwa kutafutwa mhindi kwa mhindi, mara kwa mara, tangu mahindi yangali madogo. Mwenye kumngojea mgeni kama angojeavyo jeshi atachelewa. Na mwenye kulikimbilia jeshi kwa vidole, akipondaponda mmoja mmoja, atashindwa kabla ya adhuhuri.

Iko sababu nyingine pia. Katika Tanzania wataalamu wamejaribu dawa itokanayo na ugonjwa wa asili wa viwavijeshi wa Afrika. Ugonjwa huo huwaua viwavi hao bila kuwadhuru nyuki, kuku wala watu. Lakini ugonjwa wa namna hiyo huchagua sana: uliozoea ukoo huu hauna nguvu ile ile juu ya ukoo ule. Mtu akitumia dawa hiyo kwa kiwavi asiye wake, atasema dawa ni mbovu, na kosa si la dawa.

Wazee wa Uzigua hawahitaji kufundishwa maana ya njaa. Katika miaka ya 1894 hadi 1896 ukame na nzige viliiharibu nchi yao, na habari zake zingali zasimuliwa. Wadudu wadogo waweza kuangusha nchi kubwa. Basi na tujifunze kutazama.

Namna ya kuwatazama nondo ni rahisi, wala haitaki vyombo vya thamani. Tungikeni shuka nyeupe ukutani au kati ya miti miwili, na mbele yake wekeni taa ya kandili au taa yo yote muliyo nayo. Taa ya moto iwekwe mbali na makuti na majani makavu. Usiku wa mawingu, usio na upepo wala mbalamwezi, hasa baada ya mvua, ndio usiku ulio bora. Nondo watatua juu ya shuka, na rangi zao zitaonekana wazi. Msiwashike kwa vidole, kwa maana magamba yatafutika na alama zitapotea pamoja nayo. Mfunikeni nondo kwa bilauri au chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kisha ingizeni kipande cha karatasi chini yake. Mwacheni kivulini atulie. Mdudu aliyetulia husomeka kama ukurasa wa kitabu, arukaye hasomeki.

Akiisha kutulia, mtazameni kwa utaratibu huu: kwanza bawa la mbele, pili bawa la nyuma, tatu ncha ya tumbo. Msiruke hatua hata moja.

Bawa la mbele la dume wa kiwavijeshi vamizi ni la kijivu na kahawia lenye madoa, nalo lina alama mbili za kushika. Katika ncha yake, pembeni kabisa, liko doa jeupe lenye umbo la pembetatu. Na karibu na katikati ya bawa liko doa lililopauka, refu kidogo na lililolala mshazari. Dume wa kiwavijeshi wa Afrika hana ile pembetatu nyeupe iliyo wazi nchani. Bawa lake lote ni la kijivu na kahawia lililofifia zaidi. Kama mungekuwa mwawatazama madume tu, kazi ingekuwa imekwisha hapa.

Lakini na majike pia huja kwenye taa, na hapo ndipo wanaoanza kujifunza wanapopotea. Jike wa kiwavijeshi vamizi hana pembetatu nyeupe kama ya dume wake. Bawa lake la mbele ni la kijivu tu, lenye alama hafifu, hata amfanana jike wa ukoo wa pili kuliko anavyomfanana mume wake mwenyewe. Mwanafunzi aliyekariri, "Mgeni ni yule mwenye pembetatu nyeupe," atamwona jike wa mgeni na kusema si mgeni. Kwa hiyo twaendelea na hatua ya pili.

Bawa la nyuma hufichwa chini ya bawa la mbele nondo akitua. Ili kuliona, mchukueni nondo aliyekufa, na kwa ncha ya kijiti msukume bawa la mbele upande, polepole. Bawa la nyuma la mgeni, dume na jike, ni jeupe lenye kung'aa kama fedha, na ukingoni mwake lina mstari mwembamba mweusi. Bawa la nyuma la mwenyeji ni jeupe la kuchujuka, na mishipa yake yaonekana wazi kwa weusi wake, kama mistari iliyochorwa kwa wino. Kumbukeni hivi: la mgeni lang'aa na lina upindo, la mwenyeji lina mishipa.

Hatua ya tatu ni ncha ya tumbo. Jike wa kiwavijeshi wa Afrika ana magamba meusi sana kama makaa katika ncha ya tumbo lake. Alama hiyo ni ya maana, nasi tutaikuta tena katika mayai yake. Ni ndogo, na mwenye kioo cha kukuzia ataiona vizuri zaidi. Shule moja ikiwa na kioo kimoja, chawatosha wanafunzi wote kwa zamu.

Na wako wengine ambao hatua zote tatu hazitawafungua. Nondo aliyeruka siku nyingi magamba yake yamekatika, mabawa yamechakaa, na alama zimefutika. Tena wako nondo wa koo nyingine, wenyeji wa nyasi, walio na rangi ile ile ya kijivu na kahawia. Kwa hao andikeni daftarini, "Hajatambuliwa." Neno hilo si la aibu. Mtaalamu mkubwa wa wadudu huliandika kila juma la kazi yake. Jina la kubahatisha ni baya kuliko kukosa jina, kwa sababu litasomwa na mtu mwingine aliye mbali, naye atalitumia kana kwamba ni kweli.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya mitego ya harufu. Mtego huo ni ndoo yenye kifuniko, na ndani yake kimewekwa kipande kidogo chenye harufu iigayo harufu ya nondo jike. Madume huifuata na kuanguka ndani. Katika Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijiji vya Kilosa vilianza kufanya kazi ya namna hii wenyewe: mtu wa kijiji alipewa mtego na kipimo cha mvua, akahesabu nondo na mvua ya kila juma, kisha akawaambia wenzake kama viwavijeshi wa Afrika waelekea kutokea. Hiyo ilikuwa heshima kubwa kwa mwanakijiji, kutoa habari ya adui kabla adui hajaonekana. Lakini yako mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, mtego hukamata madume tu. Pili, harufu iliyotengenezwa kwa ukoo mmoja huvuta pengine na nondo wa koo nyingine. Mitego ya kiwavijeshi vamizi katika nchi nyingi za Afrika imekutwa na nondo wengine wa nyasi wasiohusika. Kwa hiyo mtego hautambui kwa niaba yenu. Huwaleteeni nondo tu. Kazi ya kutazama ni yenu.

Sasa na tutoke kwenye taa twende shambani, kwa maana huenda nondo wakatupita usiku, lakini mayai na viwavi wao hubaki.

Mayai ya wote wawili hutagwa kwa mafungu juu ya majani, na mama huyafunika kwa magamba na vinywele vya mwili wake. Hapa ile alama ya ncha ya tumbo yatufaa: fungu la mwenyeji hufunikwa kwa magamba meusi, na fungu la mgeni hufunikwa kwa vinywele vya kijivu au vya rangi ya maziwa, hata laonekana kama limeota ukungu. Fungu moja la mgeni laweza kuwa na mayai 100 hadi 200. Mwanafunzi akiliponda fungu moja kwa kidole asubuhi ameokoa mihindi mingi kuliko baba yake atakayepiga dawa baada ya majuma matatu.

Viwavi nao wana kitabu chao. Watu wengi wamefundishwa kwamba kiwavijeshi vamizi ana alama kichwani kama herufi Y iliyopinduliwa. Ni kweli anayo, nayo ni ya rangi iliyopauka. Lakini kiwavijeshi wa Afrika naye ana mistari kichwani iliyo kama V iliyopinduliwa, na viwavi wengine wa jamaa yao wana mistari inayofanana nayo. Basi msiishie kichwani. Nendeni mkiani. Katika pingili ya pili kutoka mwisho wa mwili, kiwavi vamizi ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe nne za mraba. Alama ya kichwani na mraba wa mkiani zikipatana, hapo mwaweza kusema kwa uhakika zaidi, "Ni mgeni."

Rangi ya mwili msiitegemee sana. Mtaalamu wa Afrika ya Kusini aitwaye Faure alionyesha mwaka 1943 jambo la ajabu juu ya kiwavijeshi wa Afrika: wakilelewa wengi pamoja huwa weusi kama mahameli, wenye mistari ya manjano ubavuni, nao huenda kwa haraka mchana kweupe, lakini akilelewa peke yake huwa wa kijani au kahawia, mvivu, mwenye kujificha chini penye shina la nyasi. Ni kiwavi yule yule, mama yule yule. Jambo hili lafanana na habari za nzige, ambaye akiwa peke yake ana tabia moja na akiwa katika kundi ana tabia nyingine. Basi mtu akisema, "Hawa si viwavijeshi, kwa maana ni wa kijani," amedanganywa na nguo.

Tazameni na mahali alipo. Viwavijeshi wa Afrika hula mimea ya jamii ya nyasi: mahindi, mtama, uwele, mpunga, miwa, na malisho ya ng'ombe. Kwa hiyo malisho yaliyoliwa hata kubaki vishina, na maharage yaliyo kando yake yakabaki salama, hayo ni maandishi ya mwenyeji. Korongo na ndege wengine wakikusanyika malishoni kwa wingi usio wa kawaida, nendeni mkatazame chini. Kiwavi vamizi hupenda mahindi kuliko vyote, ingawa aweza kula mimea mingine mingi. Yeye huanza kwa kukwangua jani hata kubaki ngozi nyembamba kama kioo; kisha huingia moyoni mwa mhindi, na majani yakichomoza huwa na matundu yaliyoraruka, na juu yake pana mavi kama vumbi la msumeno lililolowana.

Wala tusimsahau wa tatu, ambaye mara nyingi hushitakiwa kwa makosa ya mgeni, yaani funza wa mabua. Naye ni mtoto wa nondo, na matundu yake ya kwanza katika majani machanga yafanana na ya kiwavi vamizi. Lakini yeye huliacha jani akaingia ndani ya bua, na moyo wa mhindi hukauka ukiwa umezungukwa na majani mabichi. Ukiuvuta wachomoka. Pasueni bua, mkimkuta ndani akitoboa njia, mmemjua.

Basi tufanye nini tukiisha kumjua? Wakiwa ni jeshi la Afrika, mpasheni habari Bwana Shamba au Bibi Shamba na mtendaji wa kijiji siku ile ile, pamoja na majirani, na mtazame malisho kama mtazamavyo mashamba. Viwavi wakingali wadogo ndio wakati wa dawa. Wakiisha kuwa wakubwa na weusi wamekwisha kula sehemu kubwa ya chakula chao, na dawa ni hasara juu ya hasara. Handaki lenye ukingo wa kusimama, likichimbwa upande watokako, laweza kulizuia jeshi lisivuke. Akiwa ni mgeni, pandeni mapema pamoja na majirani, palilieni, piteni shambani mara mbili kwa juma tangu mahindi yaotapo, pondeni mayai, watoeni viwavi moyoni mwa mihindi. Msiwaue siafu na nyigu waonekanao wakitafuta juu ya majani, kwa maana nao wawatafuta viwavi. Ikilazimu dawa, mwulizeni mtaalamu ni ipi, kwa kipimo gani. Na ipigwe jioni au alfajiri, ielekezwe moyoni mwa mhindi.

Kwa walimu na wanafunzi tuna ombi moja. Anzisheni daftari la nondo la shule. Kila ukurasa uwe na tarehe, jina la mahali, habari za mvua ya juma lile, idadi ya nondo, na alama tatu tulizozitaja: bawa la mbele, bawa la nyuma, ncha ya tumbo. Jina liandikwe mwisho, baada ya alama, wala si kabla. Kwa maana mtu akiisha kuandika jina, macho yake hutafuta kuuthibitisha uamuzi wake badala ya kutazama. Shule moja ya Mkata na shule moja ya Mombo zikiandika hivyo kwa vuli moja na masika moja, kisha zikabadilishana madaftari, zitajua ni lini kila mmoja wa nondo hawa huja Handeni, na ni lini huonekana Korogwe. Habari hizo zinafaa kuliko maneno ya jumla yatokayo mbali, kwa sababu zimetoka katika mashamba yenu wenyewe.

Na tukusanye tuliyoyasema. Dume wa mgeni ana pembetatu nyeupe nchani mwa bawa, jike wake hana. Bawa la nyuma la mgeni lang'aa na lina upindo mweusi; la mwenyeji lina mishipa myeusi. Jike wa mwenyeji ana ncha ya tumbo nyeusi, na mayai yake yana kifuniko cheusi. Kiwavi wa mgeni ana mraba wa madoa manne karibu na mkia. Alama moja ni shaka, mbili ni dhana njema, tatu zikipatana ni neno la kutegemewa. Wahenga walisema, "Mwenda pole hajikwai," na katika kazi ya kuwatazama wadudu hakuna usemi ulio wa kweli kuliko huo.

Mvua za kwanza zikinyesha, tungikeni shuka zenu. Kwa leo twakomea hapa.